Miaka Thelathini na Moja, Vidole Kumi na Mlango Mmoja

Leo Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, saa sita kamili mchana, Mzee Elpidius Byarugaba anavua aproni yake na kustaafu kazi ya kupasua mbao katika Karakana ya Tupasue, hapa Kayanga. Ametumikia miaka thelathini na moja na miezi miwili. Aliingia na vidole kumi na anatoka na vidole kumi. Kwa watu wa ofisini hilo ni jambo la kawaida. Kwa watu wa msumeno hiyo ni digrii. Zunguka karakana zote kuanzia hapa mpaka Kyerwa, waombe wapasuaji wa umri wake wanyooshe mikono, halafu uje uniambie umehesabu ngapi.

Meneja wetu, Mama Auleria, alitaka wasifu huu uandikwe na mtu msomi. Akatutazama mmoja mmoja, akashusha pumzi, akanipa kalamu mimi, Dastan Kashaija. Mimi nilifika kidato cha pili, na sikupita haraka haraka kama wengine, nilikaa hapo miaka miwili. Mwandiko wangu ni mzuri, hilo hata maadui zangu wanakubali. Na ipo sababu nyingine. Katika habari za Mzee kuna kosa moja kubwa, na mwenye kosa ni mimi. Ni heri nilisimulie mwenyewe kuliko kumwachia Uwiduhaye, binti anayetunolea bledi, ambaye angelisimulia kwa kuigiza, na sauti ya mashine angeitoa kwa mdomo.

Mzee Elpidius alizaliwa Ihanda mwaka 1965. Mwezi Septemba 1994 alikuja hapa kwa baiskeli kutafuta kazi, na msumeno wake wa mkono ameufunga nyuma kwenye keria, ameuviringishia gunia la kahawa kama mtoto mchanga. Msimamizi wa wakati ule, mtu mnene ambaye viti vilimwogopa, alimwuliza kiko wapi cheti. Mzee akafungua gunia, na kando ya msumeno akatoa kigoda alichokitengeneza mwenyewe, akakiweka chini, akasema, "Kaa." Msimamizi akakaa. Kigoda hakikulia hata kidogo. Kesho yake Mzee akaanza kazi. Kigoda kile kipo mpaka leo, ndicho anachowekea chai Mama Auleria. Nani hapa ana cheti ambacho bado kinabeba birika?

Miaka tisa ya kwanza alipasua kwa mikono. Mwaka 2003 ikaletwa mashine, ule msumeno wa mkanda tunaoutumia hadi sasa, ambao bledi yake ni kama mkanda mrefu wa chuma wenye meno, unaozunguka juu ya magurudumu mawili makubwa. Wenzake waliugombania siku ya kwanza. Mzee hakuugusa. Kwa wiki nzima alikaa kwenye kigoda chake na kipande cha ndizi ya kuchoma mkononi, anautazama, kama mtu anayepima posa. Siku ya nane alisimama, akazima mashine aliyokuwa anaitumia mwenzake, akatoa bledi iliyokuwepo na kufunga nyingine. Tangu siku ile hakuna aliyefunga bledi hapa bila kumwuliza yeye kwanza. Isipokuwa mtu mmoja, mara moja, na tunakuja huko.

Bledi anazihifadhi kwenye kabati la kona, na ufunguo wa kabati unaning'inia shingoni mwake pamoja na rozari. Kila bledi ina msumari wake na jina lake. Kuna ile nyembamba, upana wa kidole kidogo, meno kumi na manne kwa kila inchi. Hiyo inaitwa Katibu, kwa sababu inasema sana na inakwenda taratibu. Katibu ni ya kukatia maua ya kitanda na mbao nyepesi za kukunja kona. Kuna za katikati, zenye majina ambayo Mama Auleria amekataza yasiandikwe kwenye programu ya sherehe ya leo. Na mwisho kabisa, kwenye msumari mkubwa, kuna pana ya inchi nzima, yenye meno matatu tu kwa inchi. Hiyo inaitwa Bibi. Mzee husema Bibi ana meno machache lakini mwonyeshe muwa.

Ukimwuliza kwa nini hii na si ile, hakupi hotuba. Anakupa maswali matatu: Unene wake ni kiasi gani? Ugumu wake je? Na unga wake utapita wapi? Hilo la tatu ndilo linalowaacha watu midomo wazi. Unga wa mbao, waitu, ndugu zangu, ni abiria, lazima apate pa kukaa. Kati ya jino na jino kuna bonde. Bonde likiwa kubwa, unga unakaa humo, unabebwa mpaka nje. Bonde likiwa dogo, unajaa, unashindiliwa, bledi inapata joto, inalegea, na ikishalegea inatafuta njia yake yenyewe. Mbao nene na ngumu inataka bledi pana isiyoyumba, meno machache, mabonde makubwa. Nayaandika haya kwa ufasaha sasa. Mwezi Oktoba nilikuwa naona ni maneno ya wazee.

Tena ana tabia moja inayowachekesha wateja. Kabla ya kupasua mbao yoyote ngumu, huigonga kwa kiungo cha kidole, mara tatu, kutoka kichwani mpaka mkiani, huku anasema, "Hodi, hodi, hodi." Halafu anatega sikio. Mteja mmoja wa kutoka Kyerwa alimwuliza kama kuna siku mbao ilishawahi kumjibu. Mzee akamwambia, "Ikijibu nitakuita." Watu wakacheka. Lakini mimi nimeona akigonga, akarudia palepale, akachukua patasi, akachimba, akatoa jiwe. Mvule hufanya hivyo, huficha jiwe tumboni, na jiwe moja linatosha kuitoa bledi meno yote.

Sasa tuje kwenye mlango.

Marehemu baba yake Mzee alipanda mvule pale nyumbani Ihanda mwaka aliozaliwa Mzee. Mwaka 2009 upepo uliuangusha. Mzee akachukua kibali, ukapasuliwa, akabakiza vipande viwili tu kwa ajili yake: kila kimoja unene inchi sita, upana futi moja, urefu futi saba. Akavileta hapa, akavipandisha juu ya kenchi za stoo vikauke taratibu, akamwambia mkewe, Bi Mackrine, "Mlango wa nyumba yetu utatoka humu. Nitautengeneza nikipata nafasi."

Huyu ni mtu aliyetengeneza milango ya nusu ya Kayanga. Nafasi ya mlango wake haikupatikana miaka kumi na sita. Nyumba ina bati zuri, ina madirisha ya vioo, ina sakafu unayoweza kujiona, na pale mlangoni limeegemezwa bati. Kila alfajiri Bi Mackrine akilisukuma bati lile, majirani wanaamka. Kule kwao jogoo wamekata tamaa. Mbuzi waliingia sebuleni si mara moja, na mmoja wao alikula cheti cha kipaimara cha kijana wao, Eliud, akabakiza muhuri.

Januari mwaka huu Bi Mackrine alipanda bodaboda kutoka Ihanda, akaja mpaka hapa karakana akiwa na kitenge chake cha kanisani. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasimama mbele ya mashine, akasubiri izimwe. Kisha akasema kwa sauti ya upole iliyotutisha wote: "Baba Eliud, siku utakayostaafu nitakupokea mlangoni. Kama hakuna mlango, sijui nitakupokelea wapi." Akaaga, akapanda bodaboda, akarudi. Mzee alishika bledi mkononi mpaka chai ikapoa.

Basi Oktoba, Mzee alikwenda Bukoba siku mbili kufuatilia makaratasi yake ya kustaafu, ufunguo akauacha kwa Mama Auleria. Mimi nikaona huu ndio wakati wa kumfanyia jambo. Nikasema moyoni, akirudi akute mbao zake za mlango zimepangwa, laini, zinamngoja, na alie kidogo, na aseme mbele ya watu kwamba Dastan ni fundi. Nia ilikuwa safi. Naomba hilo likumbukwe.

Nilimwambia Mama Auleria nataka ufunguo nisafishe kabati. Nikakishusha kipande cha kwanza. Nikafungua kabati. Nikamwona Bibi na meno yake ya kuhesabu, nikamwona Katibu anang'aa. Akili yangu ikafanya kazi haraka, kama kawaida yake.

Uwiduhaye alikuwa kwenye jiwe la kunolea. Akaniona na Katibu mkononi.

"Kaka Dastan, hiyo unaipeleka wapi?"

"Kazini."

"Hiyo ni ya maua ya kitanda. Ule ni mvule, tena inchi kumi na mbili kwenda juu."

"Wewe, mtu mwenye meno thelathini na mawili na mtu mwenye meno matatu, nani atamaliza muwa kwanza?"

"Inategemea nani hatemi makapi."

"Noa bledi zako, mama."

Nimeandika maneno yote kama yalivyosemwa, maana mashahidi wapo.

Inchi kumi za kwanza zilikwenda vizuri, nikaanza hata kupiga mluzi. Halafu mashine ikaanza kulia. Ukatoka unga mweusi, laini, wa moto, kama kahawa iliyosagwa. Moshi ukafuata. Mtu mwenye busara angezima. Mimi nikasukuma zaidi. Bledi ikapinda kushoto, nikasukuma kulia, ikapinda kulia, nikasukuma kushoto, tukaenda hivyo kama walevi wawili wanaosindikizana, mpaka, kwenye ncha ya mwisho ya mbao, ikakatika kwa mlio wa bunduki. Nilipopata fahamu nilikuwa nyuma ya rundo la mabanzi. Uwiduhaye anadai niliruka kabla ya mlio. Hilo halijathibitishwa.

Mbao iliyotoka, upande mmoja ina unene wa Biblia, upande mwingine unene wa jalada lake. Katikati ina mawimbi. Ukiilaza sakafuni, kifaranga anapita chini yake bila kuinama.

Mzee alirudi Alhamisi mchana. Alisimama getini, hajaingia bado, akanusa.

"Nani anapika?"

Kila mtu akajifanya anafagia.

"Nauliza nani anapika. Mvule haupikwi."

Akaja, akaiinua mbao ile, akafumba jicho moja na kuitazama kwa ukingo kama afanyavyo siku zote. Sisi tunaomfahamu tulingoja utani. Akakaa kwenye kigoda, akailaza magotini, akapitisha kiganja juu ya mawimbi yale, kwenda na kurudi. "Baba aliupanda nilipozaliwa," akasema, basi. Mimi ni mtu wa maneno, na wote mnanijua. Siku ile nilichoweza kutoa ni "Nisamehe, Mzee," tena kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo.

Hesabu ilikuwa rahisi hata kwa kidato cha pili. Kilibaki kipande kimoja kizima, maana kile cha kwanza mawimbi yangu yalikiharibu upana wote. Mlango unataka mbao tatu za upana ule. Kipande kile kinatoa mbao tatu, kila moja inchi moja na nusu, na kinachobaki ni kidogo cha kuliwa na randa. Tukikosea mkato mmoja tu, hakuna mlango, na mvule mwingine wa baba hakuna.

Mzee akaichukua ile kamba ya ufunguo kwa Mama Auleria. Tukajua sasa anafunga mwenyewe, nami ninarudishwa kubeba mabanzi. Akanipa mimi.

"Chagua bledi," akasema.

"Mzee, huyu?" Uwiduhaye akaruka. "Huyu huyu?"

"Huyu ndiye aliyekwisha lipa ada. Unataka nikamlipie mwingine?"

Nilisimama mbele ya kabati lile kwa muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya mtihani wowote, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumchungulia. Unene: inchi kumi na mbili bledi itakazopita kwa mara moja. Ugumu: mvule uliokauka miaka kumi na sita juu ya kenchi. Unga utapita wapi? Nikaweka ncha ya kidole gumba kwenye bonde la Katibu wa akiba, hata ukucha haukuingia. Nikaweka kwenye bonde la Bibi, kidole kikakaa kama mtu kwenye kiti. Nikamshusha Bibi.

Nikampelekea Uwiduhaye. Akanitazama. Nikasema, "Dada, naomba uninolee." Akasema hajasikia vizuri, mashine zinapiga kelele. Hapakuwa na mashine iliyowashwa. Nikarudia kwa sauti kubwa, karakana nzima ikasikia, akanoa. Alipitia jino moja moja, na akimaliza kila jino ananiangalia.

Nikamfunga Bibi. Nikamkaza mpaka nikimsukuma kwa kidole ubavuni hayumbi, maana bledi pana iliyolegea haina tofauti na kamba ya kuanikia nguo. Nikateremsha vishikizo vya kumwongoza Bibi mpaka karibu na uso wa mbao. Nikaweka kipande mezani, na mkono ukaenda kwenye swichi.

Mzee akakohoa. Kikohozi kimoja tu.

Nikauondoa mkono. Nikakunja kidole, nikagonga. Hodi, kichwani, sauti kavu, nzuri. Hodi, katikati, nzuri. Hodi, karibu na mkia, sauti ikazama kama mtu amejibu akiwa chini ya blanketi. Nikagonga tena. Nikachukua patasi, nikachimba ukingoni, na kijiwe cha rangi ya majivu, ukubwa wa punje ya maharage, kikadondoka sakafuni. Nikamtazama Mzee. Yeye alikuwa anatazama dari, anatafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Nikawasha. Sikupiga mluzi. Nilisukuma pole pole, nikamwacha Bibi atafune kwa mwendo wake. Unga ukatoka mkubwa mkubwa, wa rangi ya asali, baridi. Mzee akakinga kiganja, akausugua, akaunusa, akauacha udondoke. Mbao ya kwanza. Ya pili. Kwenye ya tatu jasho lilikuwa limeingia jicho la kushoto na sikulifuta. Mashine ilipopita mwisho, mbao tatu zikalala mezani kama kurasa za kitabu.

Mzee akaziinua moja moja, jicho moja amefumba. Alipoiweka ya tatu akasema, "Zima mashine, tunywe chai." Mgeni hawezi kuelewa. Mimi nimekaa naye miaka minne na maneno hayo nimeyasikia akiambiwa mtu mara mbili, na mara moja kati ya hizo alikuwa anajiambia mwenyewe.

Mlango aliutengeneza mwenyewe, Jumamosi tatu mfululizo. Fremu aliipata kwenye sehemu nzima za kipande nilichokipika. Wiki iliyopita tulikwenda Ihanda kuupachika. Bi Mackrine aliufunga, akaufungua, akaufunga, akaufungua. Uwiduhaye alihesabu mara kumi na moja. Kisha Bi Mackrine akaufunga tena na kusema hautafunguliwa na mtu mwingine hadi Ijumaa. Tangu siku hiyo familia nzima inapitia mlango wa jikoni. Bati limehamia kwenye banda la kuku, na majirani wameanza kuchelewa shambani.

Mchango wa Mzee hapa hauishii kwenye mlango huo. Madawati, milango ya makanisa ya Walutheri na ya Wakatoliki bila ubaguzi, vitanda ambavyo wenye navyo sasa wanavirithisha. Amewafundisha kazi watu kumi na wanane. Wote wana vidole vyao, kasoro mmoja, na huyo alikatwa na mundu kwenye migomba ya kwao.

Katika ukurasa wa pili wa programu mtaona kipengele cha kukabidhi ufunguo wa kabati la bledi. Sitaficha kwamba nilijiandaa. Nilinunua hata shati lenye kola itakayoonyesha kamba vizuri. Jumatatu Mzee akamwambia Mama Auleria aandike jina: Uwiduhaye Mbonimpa. Nilipouliza sababu, Mzee alijibu, "Wewe ulijua baada ya moshi. Yeye alijua kabla." Shati nimelivaa hivyo hivyo. Tayari Uwiduhaye ametangaza kwamba nikitaka bledi nitaanza kwa shikamoo, ingawa namzidi miezi miwili.

Mimi nimeachiwa urithi wangu. Ile mbao ya mawimbi Mzee ameipiga msasa, ameipaka vanishi, ameitundika ukutani juu ya mashine yangu, usawa wa macho. Mteja mmoja alidhani ni sanaa, akataka kuinunua. Nimekataa kuiuza, na nitaendelea kukataa.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Tupasue, ahsante Mzee Elpidius kwa maswali matatu, kwa kikohozi kimoja, na kwa kutonifukuza Alhamisi ile. Baada ya pilau na ndizi na kopo la senene, panzi wa msimu, aliowakaanga Mama Auleria kwa mikono yake, sote tutapanda gari kukusindikiza Ihanda. Tumepewa maagizo na Bi Mackrine. Atakuwa ndani, mlango umefungwa, na hafungui mpaka ugonge mwenyewe, mara tatu, kwa kidole kilekile.

Umeipigia hodi mivule, misambya na miti mingine migumu ya watu miaka thelathini na moja, na haikukujibu hata siku moja. Leo gonga, Mzee, halafu utege sikio. Mbao itaitika, "Karibu."

Uishi kwa amani ndani ya mlango huo, ule vizuri, ulale mpaka jua lichomoze, na vidole vyote kumi vipate mapumziko yake.